Gitaa Lililoitwa Punda

Bendi ilikuwa na magitaa mawili ya umeme, na yeyote aliyewahi kucheza kwenye sherehe zao aliyajua kwa majina. La kiongozi liliitwa Malkia. Lilikuwa la kampuni yenye jina, rangi ya damu ya mzee, nembo ya fedha kichwani, na lilisafiri ndani ya sanduku lililotandikwa mahameli kama jeneza la tajiri. La pili liliitwa Punda. Hilo lilikuwa la bei ya chee, kampuni yake hata aliyelinunua hakuikumbuka, na lilibebwa ndani ya mfuko wa turubai uliokatika zipu.

Aliyelipiga Punda kwa miaka kumi na moja alikuwa mwanamke mmoja, mpaka rangi wa magari. Mchana alikuwa gereji, barakoa usoni na spreya mkononi, akiyarudishia ujana magari ya watu. Jioni za mazoezi na siku za harusi alikuwa gitaa la pili. Bendi nzima ilimwita Mama Rangi, na jina lilimkaa, maana hata alipovaa nguo ya jukwaani, kulikuwa na tone la rangi mahali fulani, nyuma ya sikio au chini ya ukucha.

Kiongozi waliyemwita Profesa hakuwahi kufundisha popote, ila hakukuwa na jambo asiloweza kulieleza. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mcheshi, mwepesi wa kumshika mtu bega. Ndiyo maana ilichukua miaka yote hiyo kumjua.

Si kwamba Mama Rangi hakulalamika. Alilalamika mara mbili. Mara ya kwanza alisema nyuzi za Punda zimekaa juu mno, kuzibonyeza ni kama kubonyeza waya wa uzio. Mara ya pili alisema noti za chini zinakubali, lakini akipanda juu shingoni zinakuwa chachu, hata akityuni vipi. Mara zote mbili Profesa alitabasamu na kusema, "Mama Rangi, mchagua jembe si mkulima." Wenzake wakacheka. Naye akacheka, maana methali hiyo amelelewa nayo, na mtu hagombani na methali ya nyumbani kwao. Akaamini tatizo ni yeye.

Basi akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akajifunza, bila kujua kwamba anajifunza, kuuvuta uzi kidogo kwa ncha ya kidole kila alipofika juu, ili ile noti chachu ikae sawa na za wenzake. Usiku wa kuamkia Jumapili alikuwa akiuloweka mkono wa kushoto kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mumewe akimuuliza, alimwambia ni kazi ya gereji.

Mwaka huo bendi ikapata nafasi ya kurekodi nyimbo sita studio. Wimbo wa nne ulikuwa wake. Aliutunga akipiga msasa mlango wa gari, siku nne mfululizo, na katikati yake kulikuwa na mahali gitaa linapanda, linapanda, mpaka mwisho wa shingo, kisha linashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba mtoto aliyelala. Profesa mwenyewe alikuwa amekiri kwamba kipande hicho ni kizuri.

Studio haina huruma. Kwenye harusi kuna vigelegele, kuna watoto, kuna sahani. Studio kila kitu kinasikika. Mama Rangi alipopanda na Punda lake, fundi mitambo akasimamisha. Wakarudia. Akasimamisha tena. Mara ya tano sauti ya Profesa ikaingia kwenye vipokea sauti vya masikioni, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa amevaa vyake, kila mmoja alisikia.

"Miaka kumi na moja, Mama Rangi," alisema, pole kabisa, kama mtu anayesikitika. "Kumi na moja, na bado hujajua kubonyeza. Acha tu. Sehemu hiyo nitaipiga mimi."

Akaipiga yeye, na Malkia, kwa mkupuo mmoja. Mpiga besi, ambaye alikuwa mdogo wa mume wa Mama Rangi na ndiye aliyemleta kwenye bendi, aliinamisha kichwa akajifanya anakaza kifundo cha waya. Mama Rangi alikaa kwenye kiti cha plastiki akausikiliza wimbo wake ukitoka kwenye mikono ya mtu mwingine, na hakukasirika. Hilo ndilo lililomkasirisha baadaye kuliko yote, kwamba siku ile hakukasirika. Aliona haya.

Walipokuwa wakikusanya vyombo, fundi mitambo alimkuta kwenye korido. Alikuwa mtu mkimya, mwenye macho ya mtu asiyeona jua.

"Mama," alisema, "vidole vyako havina shida. Gitaa ndilo lina shida. Nimekusikiliza nyimbo tatu zilizotangulia, kila ukifika juu unavuta uzi kidogo ili noti ikae mahali pake. Wewe unalisahihisha gitaa huku unapiga. Sijui umewezaje."

Mama Rangi alimshukuru, akaenda nyumbani, hakula.

Jumamosi iliyofuata akavunja akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mashine yake mwenyewe ya upepo, ile ya kupulizia rangi. Akalitia Punda mgongoni, ili alilinganishe na jipya, na akaenda kwenye duka la ala za muziki kununua gitaa la kampuni yenye jina. Moyoni alikuwa amekata shauri. Kama methali imeshindwa, basi pesa ijaribu.

Muuzaji alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likakata. Alimtazama Mama Rangi, akautazama mfuko wa turubai, akatabasamu.

"Unamnunulia mtoto, mama?"

"Namnunulia mama yake."

Muuzaji hakuelewa, au alielewa akaona aibu. Alimpeleka moja kwa moja kwenye safu ya chini, palipopangwa magitaa ya bei nafuu kama mafagio. "Hili ni zuri la kuanzia," alisema. "Jepesi. Hata likianguka si neno."

"Nataka kujaribu lile." Alionyesha ukutani, alipoona ndugu yake Malkia, tofauti ni rangi tu.

"Lile halishushwi mpaka mtu awe analichukua. Likipata mchubuko, mama, mwenye duka atanila mzima."

Mama Rangi alisogea karibu na ukuta. Alilitazama gitaa kama anavyotazama ubavu wa gari lililoletwa na dalali. "Mchubuko unao tayari," alisema. "Hapo chini ya kifundo cha pili. Umefunikwa kwa rangi ya kopo na aliyefunika alikuwa na haraka. Mimi kutwa nagusa magari yanayozidi duka hili, kijana. Lishushe."

Ubishi huo ndio uliomtoa fundi wa magitaa kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa mzee mfupi, miwani imeshikiliwa na uzi wa gitaa mahali pa mguu uliovunjika. Hakuuliza nani anabishana na nani. Macho yake yalikwenda kwa Punda, ambalo kichwa chake kilikuwa kimechomoza kwenye zipu mbovu. Akalitoa, akalilaza kwenye mapaja, akapiga uzi mmoja chini, kisha akaupiga juu. Uso ukamkunjamana kama aliyeng'ata ndimu.

"Nani ameliseti hili?"

"Hajawahi kuliseti mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu linunuliwe. Miaka kumi na moja."

Yule fundi alimtazama mkono wa kushoto, akaona bandeji kifundoni, akatikisa kichwa. "Njoo," alisema.

Kule nyuma alimwonyesha. Kila uzi una kitandiko chake kidogo cha chuma pale kwenye kidaraja, chini ya gitaa. Ukikisogeza mbele au nyuma kwa bisibisi, noti za juu zinaelewana na za chini. Ukikishusha, nyuzi zinakaribia shingo, na kidole hakiteseki. Kuna na chuma ndani ya shingo yenyewe, kinakazwa kwa spana ndogo, ili shingo isipinde. Basi. Si uganga. Alifanya kazi huku akieleza, na hata chai yake haikupoa. Alipomaliza alichomeka waya kwenye spika ndogo iliyokuwa juu ya benchi, akamrudishia.

Mama Rangi akapiga kile kipande cha wimbo wake. Akapanda, akafika mwisho wa shingo, na noti ilikuwa pale, imekaa, inamsubiri. Kidole kilitaka kuvuta uzi kwa mazoea, akakizuia. Akashuka.

"Umetumia dakika ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Ishirini, tuseme."

"Dakika ishirini."

"Mama, gitaa la bei nafuu si gitaa baya. Linatoka kiwandani halijamaliziwa, hilo tu. La bei kubwa wanalimalizia wao, hili unalimalizia wewe. Bendi gani hiyo inamwacha mpigaji wake hivi?"

Alimtajia. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Bendi ya Profesa? Huyo ni mteja wangu wa siku nyingi. Malkia linaletwa hapa kila baada ya miezi mitatu, na bili inalipwa na mfuko wa bendi. Nimeshamwambia, lete na lile la pili, nitakufanyia bure kwenye hiyohiyo bei. Nimemwambia zaidi ya mara tatu." Alicheka kidogo, kama mtu anayekumbuka kichekesho. "Akaniambia, ukilitengeneza lile, fundi, nani atalisikia hili?"

Kisha akauona uso wa Mama Rangi, akaacha kucheka.

"Nilidhani anatania," alisema.

"Huwa anakuja peke yake?"

"Huletwa na kijana mmoja mpiga besi, mwenye gari. Huwa amekaa hapohapo tunapoongea."

Kijana mmoja mpiga besi, mwenye gari, ambaye kila sikukuu alikula mezani kwake.

Hakununua kitu siku hiyo. Alimlipa fundi, alitaka asitake, akatoka. Njiani hasira zilianza kuja moja moja, kama wageni wa harusi, kila moja na zawadi yake. Ilikuja ya ule mkono uliolowekwa kwenye chumvi miaka nenda miaka rudi. Ikafuata ya methali. Mtu alichukua maneno ya wazee, maneno safi ya kumkanya mvivu, akamfungia nayo mdomo mwanamke aliyekuwa anasema kweli. Ya aibu ya studio ikaja mwisho, nayo haikuondoka. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba ana kigugumizi, kumbe kuna aliyekuwa akimshika ulimi.

Jumanne jioni ilikuwa zamu ya mazoezi, kwenye ukumbi wanaoukodi nyuma ya shule. Aliwahi kuliko wote. Profesa alipoingia na sanduku lake la mahameli, mpiga ngoma alikuwa ameshakaa, na mdogo wa mumewe alikuwa akivuta nyaya. Mama Rangi hakusalimia. Alichomeka Punda, akaongeza sauti, akapiga kipande kile kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara moja, bila kosa.

Mpiga ngoma aliweka vijiti magotini.

"Loo," alisema Profesa. "Kumbe ulikuwa unatuficha."

"Nimefichwa," alisema Mama Rangi. "Nimetoka kwa fundi wako. Ametumia dakika ishirini. Ameniambia alikuomba mara ngapi ulilete, na ameniambia ulimjibu nini."

Profesa hakushtuka. Alifungua sanduku lake taratibu, kama mtu anayetafuta maneno ndani yake. "Ule ulikuwa utani, Mama Rangi. Maneno ya gengeni."

"Utani wa miaka kumi na moja?"

"Sikiliza. Bendi ni kama kikosi. Haiwezi kuwa na sauti mbili mbele. Lazima moja ing'are na nyingine ishikilie nyuma. Mimi nilikuwa napanga muziki."

"Ungeniambia nipige nyuma, ningepiga nyuma. Nilikataa lini? Nilikuja hapa sijui hata kushika vizuri, ungeniambia kaa kule, ningekaa." Sauti yake haikupanda, na mdogo wa mumewe, aliyemjua, alirudi hatua moja. "Lakini wewe hukupanga muziki. Uliniambia mkono wangu mbovu. Uliniacha niamini. Umenitia aibu studio mbele ya watu kwa kosa unalolijua, ulilokuwa unalitunza, kama mtu anayetunza kidonda cha mwenzake kisipone."

"Maneno makubwa hayo."

"Nataka uwaambie hawa kwamba haikuwa mikono yangu. Sasa hivi. Sitaki lingine."

Ilikuwa sentensi moja tu, na mtu aliyejua kueleza kila jambo duniani hakuipata. "Gitaa ni mali ya bendi," alisema hatimaye. "Ukiwa na hasira, nenda nyumbani ukapoe, kesho tutaongea."

Mama Rangi alichomoa waya, akaukunja vizuri, akalilaza Punda kwenye kiti. "Libaki," alisema. "Limeshapona." Akatoka.

Mdogo wa mumewe alimfuata mpaka nje, kwenye kona ya ukuta wa shule.

"Shemeji, ngoja."

Akangoja.

"Nilidhani unajua," alisema kijana. "Nilidhani mmeelewana, wewe na yeye. Mambo ya mpangilio."

"Ulidhani najua, halafu nikaendelea kuumia?"

"Sikufikiria, shemeji."

"Ulifikiria. Ulifikiria nafasi yako." Hakumtukana, wala hakumwambia asije tena nyumbani, ingawa alikuwa na haki ya yote mawili. Alimwacha pale amesimama na funguo za gari mkononi.

Jumamosi alirudi dukani, akiba yake karibu yote ikiwa bado mfukoni. Muuzaji safari hii alilishusha lile gitaa la ukutani kabla hajaombwa. Fundi akaweka mawili kwenye benchi, hilo lenye jina na moja la safu ya mafagio, akaliseti la pili mbele yake, uzi kwa uzi, kisha akampa yote.

Alianza na lenye jina. Lilikuwa zuri, na Mama Rangi hakuwa mtu wa kusema uongo kwa sababu ya hasira. Shingo yake ilikuwa laini kama kitu kilichoshikwa na watu wema. Sauti ilidumu hewani hata baada ya kidole kuondoka. Akapiga la pili. Sauti yake ilikuwa fupi kidogo, kavu kidogo, lakini kila noti ilikaa mahali pake.

"Tofauti ipo," alisema fundi. "Nikikwambia haipo nitakuwa mwongo. Lakini bei ni mara nane, na tofauti si mara nane. Hata mara mbili haifiki. Kinachobaki unalipia nembo."

"Nitachukua la bei nafuu," alisema Mama Rangi. "Nikichukua la jina, nitakuwa nimemnunulia Profesa hoja yake. Atasema, mnaona? Kumbe alihitaji gitaa kubwa."

Fundi alivua miwani akaifuta. "Usinunue gitaa kwa hasira, mama."

"Sina kingine cha kununulia."

"Unacho. Ukinunua hili kumkomoa, bado ni yeye amekuchagulia. Kaa hapo. Piga yote mawili mpaka umsahau, ndipo uniambie."

Maneno hayo yalimuudhi, kwa sababu yalikuwa kweli. Akakaa. Akapiga saa nzima, kisha saa ya pili, akibadilisha, muuzaji akipita na kujifanya anapanguza vumbi. Kumsahau Profesa hakuweza, lakini palifika mahali akawa anamkumbuka kwa mbali, kama kelele za jirani. Alichokisikia wakati huo ni bega lake. Lile la jina lilikuwa zito. Bega hilo hubeba spreya kutwa, na harusi moja ni saa sita wima. La bei nafuu lilikaa kifuani kama mtoto wa jirani, halimlemei mtu.

"Hili," alisema.

"Kwa nini?"

"Jepesi. Nimechoka kubeba."

Fundi akaridhika. Mama Rangi akaongeza sharti: hataondoka mpaka afundishwe kuliseti mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, asije mtu mwingine akamdanganya. Akafundishwa. Akanunua na bisibisi zake, na spana ndogo, na mwezi huohuo akanunua mashine ya upepo kwa akiba iliyobaki.

Nyimbo sita zikatoka. Ule wa nne ukapendwa, ukawa unapigwa redioni, na jina la mtunzi lililotajwa lilikuwa la Profesa. Mara ya kwanza Mama Rangi aliusikia akiwa amepiga magoti kando ya bampa. Alikwenda na barakoa shingoni hadi studio. Fundi mitambo alikuwa ameuhifadhi mkanda wa mazoezi waliyofanya pale studio kabla ya kurekodi, wenye sauti yake Mama Rangi akiwafundisha wenzake wimbo huo, na aliandika barua ya ushahidi bila kuombwa mara mbili. Ilichukua miezi mitano na safari nyingi za kusubiri kwenye mabenchi ya ofisi ya hakimiliki, lakini jina likabadilishwa. Kipande cha gitaa kilibaki cha Profesa. Hicho hakikuwezekana kubadilishwa, na kila anapokisikia mpaka leo, huzima redio.

Profesa alikuja gereji mara moja tu, baada ya barua. Alisimama nje ya chumba cha rangi na suti yake, akasema kwamba yaliyopita si ndwele, bendi inamhitaji, na akipenda anaweza kupiga Malkia.

"Umekuja kuwaambia wale watu haikuwa mikono yangu?"

"Mama Rangi, mambo hayo yameisha."

"Basi sogea. Rangi inaruka."

Akasogea, akaenda zake.

Mdogo wa mumewe alichelewa zaidi. Alikuja Jumapili moja, ameiacha bendi, besi yake mgongoni. Alisimama mlangoni mpaka akaambiwa aingie. Alisema kwamba ameshawaeleza wenzake yote, mmoja mmoja, kwamba alikuwa akijua, kwamba mikono ya shemeji yake haikuwa na kosa. Mama Rangi alimsikiliza bila kumsaidia. Alimweka kwenye benchi la jikoni karibu saa nzima, akaosha vyombo, akakunja nguo. Kisha akamwambia alete hiyo besi aione. Nyuzi zilikuwa juu mno, na noti za mwisho zilikuwa chachu.

"Na wewe pia?" alisema.

"Mimi pia, shemeji."

Akaenda kuchukua bisibisi. Hasira haikuwa imeisha, na hakuwa na haraka iishe. Lakini alikaa chini, akailaza besi mapajani, akaanza na uzi mnene.